Chumba chenye Ufunguo kwa Ndani

Jumamosi saa tisa alasiri, mteja wa mwisho alipotoka, Msusi alifunga mlango wa saluni, akafagia nywele sakafuni, akavuta viti vinne vikatazamana. Wenzake walikuwa watatu. Kulikuwa na Nesi, mstaafu ambaye bado aliamrisha watu kana kwamba wote wamelazwa wodini kwake. Kulikuwa na Karani wa mahakama, anayeishi peke yake na asiyependa kukatizwa. Na kulikuwa na Fundi, mshona nguo, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama kawaida yake, tayari kuondoka. Kila mmoja alikuwa na riwaya yake mapajani. Zilikuwa riwaya za mapenzi za Kiingereza, zile za zamani za magari ya farasi na magauni ya kuburuza, walizoziokota katika sanduku la maktaba ya shule iliyofungwa. Kazi ya kikao ilikuwa kubishana ipi ni bora.

"Wa kwangu katembea maili kumi kwenye mvua," alisema Nesi, "kwenda kuomba msamaha. Neno moja tu, kageuka karudi. Wa kwenu wanaweza?"

"Na homa juu," alisema Karani. "Mwenye akili angeandika barua. Wa kwangu kaandika kurasa kumi na moja, na hakuna koma iliyokaa vibaya."

"Barua inakumbatiwa?" alidakia Msusi. "Wa kwangu kaenda ng'ambo hana mbele wala nyuma, karudi tajiri, na bado anamtaka yule yule. Jamani, nipewe nini tena!"

Wakamgeukia Fundi. Riwaya ya Fundi ilimhusu binti wa mtengeneza saa ambaye mwenye kasri alimposa mara tatu, na mara tatu akamkataa. Fundi alifungua mdomo aitetee, Nesi akainua kidole. Sheria ilikuwa yake: asiyemaliza kitabu hakisemei wala hapigi kura. Fundi alikuwa amebakiza kurasa thelathini, na ulikuwa mwezi wa pili sasa.

"Kwani wewe unasomea wapi?" aliuliza Karani.

"Nikiwa nimesimama," alisema Fundi.

Alisema kweli. Cherehani yake ilikuwa kwenye ujia wa nyumba, anapopita kila mtu. Jikoni alisoma mstari mmoja, akakoroga, akasoma wa pili, akakuta amesahau wa kwanza. Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtu mpole, hapigi wala halewi. Ila akimwona mkewe amekaa, alikumbuka kitu anachokihitaji. Fundi hakuwa akiomba makubwa. Alitaka kukaa mpaka kitabu kiishe, ajue kama posa ya nne inakubaliwa au inakataliwa.

Chumba cha kwanza kilikuja Jumanne asubuhi. Fundi alifungua kabati la vyombo kutafuta kawa, na badala ya rafu akakuta sebule yenye mahali pa kukokea moto, viti vitatu vyenye migongo mirefu, na dirisha lililotazama konde la kijani linalonyeshewa manyunyu. Kwa nje nyumba ilikuwa ile ile, ukuta wa jirani uko hatua moja kutoka ukuta wao. Fundi alikagua dari kama linavuja. Lilikuwa zima. Kisha akatafuta vyombo vyake, akavikuta vimepangwa vizuri juu ya meko.

Mumewe aliporudi alikipima chumba kwa hatua.

"Mdogo wangu alikuwa anahangaika na pa kukaa," alisema. "Hiki kinamtosha."

Shemeji alihamia Ijumaa, yeye na televisheni yake.

Chumba cha pili kilikuwa ukumbi wa kuchezea dansi, wenye mishumaa mia mbili na kioo ukuta mzima. Ukachukuliwa na kamati ya timu ya mpira ya mume, ambayo siku zote ilikuwa ikikutana barazani kwa watu. Baada ya ukumbi zikaja ngazi, na juu ya ngazi vyumba vitatu vya kulala vyenye vitanda vya mapazia. Mama mkwe alipewa cha kwanza, wifi cha pili, na cha tatu akapewa baba mdogo aliyekuja kusalimia. Kila chumba kilikuja na jivu lake la kuzoa, na vumbi lake, na mtu wake wa kupelekewa chai. Fundi alipanda na kushuka na kitabu kwenye mfuko wa aproni. Hakuwa akikaa wala kusimama. Aya moja aliianzia ukumbini, akaikatizia kwenye ngazi, akaimalizia jikoni.

"Mume wangu," alimwambia siku moja, "kinachofuata nipe mimi."

"Nyumba nzima si yako, mama?" alisema mumewe, na alikuwa anamaanisha.

Saluni walizipokea habari hizo kwa utulivu. Nesi aliuliza kama mazulia yalikuja na vyumba au yalinunuliwa. Msusi alitaka kujua kama mapazia ni ya velveti. Karani alisema kwake hakujaongezeka hata rafu, na haoni ubaya wowote, maana huwa anavua viatu, anakaa kwenye kiti, anasoma. Fundi alimtazama kwa wivu mpaka akaona haya.

Chumba cha sita kilikuja Jumapili saa nne asubuhi, juu kabisa, chini ya paa. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa na kiti kimoja, meza ya kuwekea kikombe, na dirisha lenye mvua. Mlango ulikuwa na kitasa, na ufunguo ulikuwa kwa ndani. Fundi aliutazama ufunguo huo kwa muda. Kisha akaingia, akauzungusha, akakaa na mgongo wote ukaegemea kiti. Alisoma ukurasa mmoja. Akasoma wa pili. Alifurahi, tena akajua kwamba amefurahi. Alikuwa amemaliza wa kumi na moja nyumba ilipoanza kumtafuta.

"Nani yumo humo?" Mumewe aligonga.

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

Mumewe alitikisa kitasa. Hatua zikaongezeka kwenye ngazi.

"Anasemaje?" ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Anasema amekaa."

"Amekaa? Na mlango kaufunga? Haki ya Mungu, tangu nizaliwe!"

Kikao kiliitishwa ukumbini, chini ya mishumaa mia mbili. Baba mdogo alisema ametembea sana duniani, lakini jambo kama hilo hajaliona wala hajasimuliwa. Shemeji alishika kichwa. Wifi aliuliza kwa upole kama kuna simu inayofichwa. Mama mkwe alimgusa Fundi paji la uso kwa nyuma ya kiganja, akasema homa hana, na hilo ndilo linalomtisha zaidi. Mume hakufoka. Machozi yalimlengalenga.

"Nyumba kubwa namna hii," alisema, "na bado mke wangu anatukimbia. Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa nasoma," alisema Fundi. "Nimebakiza kurasa kumi na tisa."

"Sasa si usome hapa hapa, na sisi tukuone?"

Ikaamuliwa kwamba mlango ndio wenye kosa. Shemeji aliung'oa kwa bisibisi, bila ugomvi, akimwambia, "Samahani, shemeji, sogea kidogo." Mlango ukawekwa juu ya viti viwili ukawa meza ya karata ya kamati, na kile chumba kikajazwa magodoro ya akiba. Fundi alikasirika. Alikasirika mpaka sindano ikamchoma mara mbili, na chakula cha jioni alikiivisha kwa wakati.

Kurasa kumi na tisa alizimalizia kwenye cherehani, kitabu kikiwa chini ya sketi aliyokuwa anaipinda, mguu ukikanyaga pedali ili mlio usikatike.

Jumamosi alisimama katikati ya saluni akasimulia mwisho. Mwenye kasri alirudi mara ya nne. Binti wa mtengeneza saa alikubali. Gari la farasi lilipita getini, likapita bustanini, likasimama mbele ya ngazi, na watumishi wamejipanga huku na huku. Yule bwana akamshika mkono, akamwambia kuanzia leo vyote hivi ni vyako.

"Vyumba vingapi?" aliuliza Msusi.

"Hamsini na tatu."

Walipiga makofi. Msusi alijifuta macho kwa taulo la mteja. Nesi, ambaye hakuwahi kukisifia kitabu cha mtu, alikipa kura yake. Msusi akafuata, na Karani naye, baada ya kusema kwamba barua zilikosekana. Ikabaki kura ya mwenyewe.

"Mimi sikipi," alisema Fundi.

"Hee! Cha kwako mwenyewe?"

"Nimekisoma mpaka nukta ya mwisho. Vyumba hamsini na tatu, na sijaona anapokaa yeye."

Walicheka, wakadhani anatania. Kitabu kikashinda kwa kura tatu. Fundi akatazama saa, akachukua mkoba wake, maana nyumbani watu walikuwa hawajala.

Alipofika alikuta kumezuka chumba kingine, kipana, chenye kinanda na viti kumi na viwili vya rangi ya dhahabu. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni akiwapigia simu binamu zake, na alipomwona mkewe akampisha kwa heshima, aingie akafagie.