Kitambaa Ndani ya Saksafoni

Iolanda alitoka Ureno kuja Ufaransa kwa mafunzo ya muziki ya kiangazi, na leo Mwalimu Perrault angechagua mwanafunzi mmoja tu wa kupiga peke yake kanisani Jumamosi. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujaribiwa.

Sauti za juu zilitoka bila kukwaruza. Aliposhuka chini, saksafoni ikakoroma, ikanyamaza. Akapuliza tena. Kimya.

"Ibembeleze, dada, labda imelala," mwanafunzi mwenzake Bastien alimtania kutoka safu ya mbele. Wenzake wakaangua kicheko.

Ndipo Iolanda akakumbuka: asubuhi aliipangusa ndani, na kitambaa hakukitoa. Angeweza kusingizia ubovu wa chombo. Badala yake akaivua saksafoni shingoni, akaingiza vidole kwenye mdomo wake mpana, akakivuta kitambaa mbele ya wote.

"Nilikisahau, Mwalimu. Naomba nianze upya."

"Hapa hatuanzi upya, binti. Endelea pale ulipokwama."

Pale palikuwa na sauti ya chini kuliko zote. Iolanda akavuta pumzi, akapuliza polepole. Ikatoka nzima, nzito, ikajaa chumbani, naye akaendelea mpaka mwisho.

Mwalimu akafunga daftari. "Jumamosi fika saa tisa, tuisikilize sauti hiyo ndani ya kanisa."