Diski ya Lameck Kwenye Mkeka

Habari ninazo tele, sijui nianze na ipi, basi naanza na ya raha. Kompyuta ya nyumbani kwetu Isingiro sasa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Unabonyeza, unageuka kumwambia mtu neno, ukirudi imeshafunguka inakusubiri wewe. Zamani ungeweza kubonyeza, ukaenda kisimani, ukapiga na stori huko huko, ukarudi bado kile kiduara kinazunguka.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kaka yangu Lameck, aliyefariki mwaka jana. Alikuwa anachapia kadi za harusi na kurekodia kwaya ya usharika wetu. Kabla hajaanza kuumwa alijirekodi mwenyewe, yeye na gitaa tu, akimwimbia Mama. Mwanzoni anakohoa kusafisha koo, kisha anasema, "Mama, huu ni wako, usimpe mtu." Halafu anaimba, kwa Kinyambo, taratibu, kama vile anaogopa kumwamsha mtu.

Kila Jumapili tukitoka ibadani, Mama anachukua kisu na ndizi zake, anakaa mbele ya kioo cha kompyuta, ananiambia, "Vero, mwamshe kaka yako."

Na kumwamsha ilikuwa kazi. Diski ilikuwa inagonga humo ndani kama kuku anadonoa bati. Mama anamenya, anamenya, mpaka ndizi za sufuria nzima zinaisha, ndipo Lameck anakohoa. Nilijaribu kuuhamishia wimbo kwenye flashi, ukafika katikati ukaganda, kompyuta nzima ikalala. Mambo haya ndiyo niliyosomea chuo, nikajua hii diski inakata roho, na siku ikikata, wimbo umekwenda nayo.

Nikaenda Kayanga kwa fundi Nolasco. Huyo mtu ana maneno, acha. Kwanza niliona SSD moja, zile diski za kisasa zisizozunguka, kubwa ajabu, imeandikwa TB 2, na bei kama ya bure. Nikaishika.

"Hiyo chukua kama una adui," akasema Nolasco. Akaniletea nyingine kama hiyo, iliyorudishwa na mteja, akaifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na memori kadi ndogo ya simu imebandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongezea uzito.

"Haya, na hii nyembamba kama jojo?" nikamuuliza. "Naipenda."

"Bodi ya kompyuta yako ina mlango wake?"

"Haina."

"Sasa utaitafuna?"

Tukacheka. Nikachukua ya kawaida, ile ya SATA, ya kampuni inayojulikana, ukubwa uleule wa diski ya Lameck ili kila kitu kienee. Nolasco akaacha utani. Akaniambia ile ya zamani niitoe na nisiiwashe tena hata kwa kuonja, maana kila ikizunguka inajikwaruza. Na nisiipandishe bodaboda kuja nayo kwake, ile barabara itaimaliza. Kifaa cha kunakilia diski mbovu alikuwa amemwazima mwenzake wa Bukoba. "Kikirudi nakupigia. Uje ukichukue, ukanakilie kwenu."

Nilivyofika nyumbani nilifungua CPU, nikapuliza vumbi, nikatoa diski, nikafunga SSD mahali pake, nikapiga Windows mpya. Ikawaka. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameshika ndizi.

"Ee waitu," akasema. "Na Lameck?"

Nikamwonyesha diski mkononi. "Bado yumo humu, Mama. Fundi akinipa kifaa namhamishia kwenye hii mpya, halafu hatagonga tena." Akaipokea, akaifunga kwenye kitenge chake kimoja kizuri, akaiweka kwenye kabati la Lameck, juu ya viatu vyake.

Sasa ndiyo nafika kwenye habari nyingine.

Siku ya kuanua tanga la Lameck, ambayo kwetu husubiri mwaka upite, ilikuwa imepangwa Jumamosi. Ikaletwa Alhamisi, kwa sababu mwinjilisti alikuwa na msiba Bugomora. Asubuhi ya Alhamisi hiyo hiyo Nolasco akanipigia: kifaa kimerudi, na kuna mtu mwingine anakitaka. Nikamwambia Baba nakimbia Kayanga, wao waanze tu. Akasema sawa. Wote tulikuwa tunautaka huo wimbo usikike mchana ule, watu wakiwa bado wapo.

Kwenye ukoo wetu, siku hiyo vitu vya marehemu vinatandazwa kwenye mkeka. Shangazi mkubwa ananyanyua kimoja kimoja anauliza, "Cha nani hiki?" Anayekitaka anajibu, "Changu," kimekwisha. Kisichopata mrithi hakilali tena na watu ndani. Kinafukiwa kibanjani, humo shambani mwetu, kwenye shina la mgomba kilipozikwa kitovu cha marehemu alipozaliwa. Na mzazi hasemi kitu pale mkekani, ila baba anaweza kumsemea mtoto aliye mbali. Mzazi hamrithi mwanawe.

Mvua ikanishika Kayanga, madereva wakagoma kuteremka na ule utelezi. Nililala kwa rafiki yangu, nikafika nyumbani kesho yake nimeloa, nacheka peke yangu, kifaa nimekikumbatia chini ya koti.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekosa nyama, mwanamke wewe," akasema Shangazi Evangelina. "Ila kompyuta umepata. Baba yako alikusemea, 'Ya Vero,' nikaiweka pembeni."

Nikaingia chumbani kwa Lameck. Kabati lilikuwa wazi, limefagiliwa.

"Shangazi, kile kichuma kilichokuwa kwenye kitenge kiko wapi?"

"Kilikosa mtu."

"Kilikosa mtu vipi?"

"Niliuliza, Vero. Nikarudia kuuliza. Hakuna aliyefungua mdomo. Viatu alichukua Placidius, gitaa wakachukua kwaya, hicho kila mtu akawa anakitazama tu. Nani angejua kinafaa nini?"

Kingekuwa bado ndani ya CPU, kingerithiwa pamoja nayo. Mimi ndiye nilikuwa nimekitoa, kama fundi alivyosema, na fundi alisema kweli.

Mama nilimkuta jikoni, hata moto hajawasha.

"Mama, wewe si ulijua Lameck yumo mle?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Nilikohoa," akasema. "Nikakohoa tena. Nikamtafuta baba yako kwa macho, naye yuko nje anampokea mwinjilisti. Shangazi yako akanipa maji ninywe."

Baba aliposikia alichukua jembe mwenyewe. Shangazi akamfuata mpaka mgombani. "Kashaija, kilichoingia kibanjani hakitolewi."

"Dada, mimi nachimba. Wewe geuka utazame kahawa."

Na Shangazi aligeuka kweli, akasimama akitupa mgongo, analia.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kitenge kilitoka kizito kama mtoto aliyeoga. Nilifuta tope, nikaianika diski kivulini siku nyingi, nikamsikiliza Nolasco kwenye simu kila hatua, kisha nikaichomeka kwenye kifaa. Mama alikuwa ameinamisha sikio.

"Mbona haigongi?" akauliza.

Nolasco naye akauliza hivyo hivyo kwenye simu. Nikamwambia kimya. Akasema, "Basi pole, dada yangu. Mpe pole na mama."

Lakini kuna kitu nilikikumbuka Jumapili iliyofuata, nikakitafuta kwenye simu. Zamani niliwahi kuwarekodia rafiki zangu wa chuo video, niwachekeshe na kompyuta yetu jinsi inavyochelewa. Kiduara kinazunguka. Diski inagonga. Mama anamenya ndizi, ananiambia, "Acha kumcheka, mwenzio anakuja." Jogoo anapita. Mama anamenya, anamenya. Mwisho kabisa Lameck anakohoa, anasema, "Mama," na video inakatika, kwa sababu mimi nilishaona utani wangu umeisha.

Nikaihamishia kwenye SSD. Ikafunguka papo hapo. Nikataka kukata ule mwanzo wote wa kusubiri, nimbakizie Mama lile neno peke yake, asichoke.

"Usikate," akasema. Akavuta beseni la ndizi karibu, akachukua kisu. "Rudisha mwanzo. Naye acha aje kwa mwendo wake."