Anayegonga Si Anayepanda

Mwinyihaji alichoka kabla ya kuachishwa kazi, na baada ya kuachishwa akachoka zaidi. Watu hudhani mtu aliyeketi nyumbani kutwa hana cha kumchosha. Waulizeni waliopunguzwa. Mwaka ule wakubwa wa kampuni ya simu walisema mafundi wamekuwa wengi mno, wakawaita ofisini mmoja mmoja, wakawapa mkono na maneno matamu, wakawaambia kwamba kazi ya nguzo na nyaya sasa itafanywa na makontrakta. Mwinyihaji alikwenda kwa watu wa chama cha wafanyakazi, akaambiwa angoje. Akaenda kwa meneja, akaambiwa meneja hayupo, naye anamsikia akicheka ndani. Akamwendea mpaka mheshimiwa mmoja ambaye yeye Mwinyihaji aliwahi kumtengenezea simu sikukuu ya Idi, na mheshimiwa akajifanya hamjui. Aliomba hata maneno ya kuomba yakamwisha kinywani.

"Basi," alimwambia mkewe, Mwanasaumu, siku aliyorudi kutoka kwa mheshimiwa. "Mimi simuombi mwanadamu tena. Nimekoma."

Katika vyote alivyopewa na kazi, kilichobaki ni simu. Kila fundi, na hata dereva wao, alikuwa amewekewa simu nyumbani ili aitwe nyaya zikiharibika, na pale Jomvu Kuu ilikuwa moja tu mtaa mzima. Ilikaa juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa alichokifuma Mwanasaumu mwenyewe. Hata wasiosalimiana na wenye nyumba walikuja kuingojea.

Lakini aliyeingojea kuliko wote ni Mwinyihaji. Binti yake Mwanarusi alikuwa Jeddah, akifanya kazi katika nyumba ya watu ambao siku ya kwanza tu walimchukua pasipoti wakaifungia kabatini. Walimruhusu kupiga simu kwao Ijumaa, baada ya swala, kwa dakika chache. Ijumaa iliyopita alizungumza kwa kunong'ona.

"Baba, Ijumaa ijayo wataniambia kama wanipa pasipoti yangu nije zangu, au la. Wakikataa, nambie la kufanya. Musiondoke karibu na simu."

Namba nyingine hakuwa nayo kichwani, na wao hawakujua yake. Simu ile ikifa, Mwanarusi angepiga kwenye kimya, na asingeweza kujua kwa nini.

Alhamisi asubuhi, Dishon akaja kuikata.

Huyu Dishon alikuwa mtu wa bara, mkaazi wa Changamwe, na alifanya kazi na Mwinyihaji tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Walipunguzwa siku moja. Tofauti ni kwamba Dishon alikuwa na watoto bado wadogo, akajitia kwa kontrakta, akapewa kazi ile ile na nguzo zile zile kwa nusu ya heshima. Sasa alikuwa anatumwa kuzunguka kwa mafundi wenzake kuwateremshia nyaya. Zamani simu ya mtu ilikatwa huko huko kwenye mitambo, kwa kuchomoa waya mmoja. Lakini kontrakta alilipwa kwa waya uliorudishwa, kwa hivyo kila simu ilikatiwa juu ya nguzo. Ukiukata wa ukutani tu, fundi kama Mwinyihaji atauunga kabla chai haijapoa.

"Shikamoo, shemeji," Dishon alimwambia Mwanasaumu mlangoni, macho yakitazama chini.

"Marahaba, baba. Karibu. Mbona waniangalia miguu, kwani nna deni lako?"

Dishon hakucheka. Akamgeukia Mwinyihaji. "Mzee, unajua kitu imenileta."

"Najua. Mkanda huo wa kupandia nguzo huuvai kwa kwenda harusini."

"Ni wewe leo, Jumamosi ni dereva Tsuma, kule barabarani. Nisipofanya mimi watatuma mwingine."

"Sikulaumu," akasema Mwinyihaji, na kweli hakumlaumu. Mwanasaumu alimkazia macho mumewe, macho yaliyosema, mwambie. Mwinyihaji akainuka, akavaa makubadhi, akatoka.

Nguzo yenyewe ilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba. Walipofika, Dishon akatoa nyundo kwenye mfuko wa kazi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukafunguka. Akampa Mwinyihaji nyundo kwa mikono miwili.

"Nigongee. Huko kwa kontrakta napanda peke yangu, mzee. Mtu mmoja, nguzo moja. Najigongea mwenyewe na kupanda mwenyewe, na kila siku naogopa. Leo angalau nitapanda kwa raha."

Hapa lazima nieleze, maana siku hizi desturi hii imekufa na aliyeiua hata hajui kwamba aliua kitu. Nguzo ya mti huoza kwa ndani, chini pale inapoingia ardhini, na kwa nje huoni neno. Kabla ya kupandwa hugongwa kwa nyundo kuizunguka. Nzima hulia kwa sauti kavu ya juu. Mbovu hutoa mlio wa gunia la unga. Na anayegonga si anayepanda. Anayepanda ana haraka ya kumaliza, na mwenye haraka husikia anachotaka. Anayebaki chini ndiye atakayekwenda kumwambia mke wa mwenzake ikiwa nguzo imeanguka naye, kwa hivyo masikio yake husafika. Hutamka neno moja tu, nzima au mbovu, na neno lake halijadiliwi. Siku moja huko Likoni Mwinyihaji alisema mbovu, na Dishon amekwisha kufunga mkanda, na meneja mwenyewe anahimiza. Dishon akafungua mkanda. Wiki haikwisha, mvua ikailaza ile nguzo barabarani. Dishon aliwaita watoto wake waje wamsalimu Mwinyihaji kwa kumbusu mkono, nao si watu wa desturi hiyo.

Mwinyihaji akagonga. Nguzo ikalia kavu, juu, safi, kama siku iliposimikwa. Akazunguka, akagonga upande wa pili. Ikalia vile vile. Angeweza kusema, Dishon ndugu yangu, niachie mpaka kesho, mwanangu atapiga. Maneno yalikuwa machache, na mtu alikuwa mbele yake. Lakini alipoyatafuta alimwona meneja akicheka nyuma ya mlango, akamwona mheshimiwa akigeuza uso. Alikuwa amechoka kuomba. Akamwona Mwanarusi ameshika simu sikioni Jeddah, anasikiliza kimya.

"Mbovu," akasema.

Dishon alikuwa na masikio kama yeye. Alisimama akiitazama nguzo, kisha akamtazama mwenzake. Mwinyihaji akaangalia makubadhi yake.

"Umesema mbovu?"

"Mbovu."

Dishon akafungua mkanda. Akatoa kikopo cha rangi, akachora msalaba mwekundu kwenye nguzo, alama kwamba isipandwe na mtu mpaka ing'olewe. Mkono wake ulikwenda polepole. Akachukua nyundo yake, akaaga, akakataa chai. Siku hiyo hakulipwa kitu.

Ijumaa, simu ililia watu hawajakunja misala. Mwinyihaji aliinyakua kwa mikono yote miwili.

"Baba! Wamenipa! Ninayo hapa mkononi, wallahi ninayo! Nyumba nyengine ilikuwa yanitaka, nikawaambia nataka kwetu. Mwezi ujao inshallah naja!"

Mwanasaumu alipiga vigelegele hata jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Mwinyihaji alilia mbele ya watu na hakuona haya. Alhamdulillahi, akasema, akarudia, akarudia tena. Usingizi aliolala usiku huo hakuwa ameulala tangu aitwe ofisini.

Jumamosi asubuhi Mwanasaumu alifunga mahamri ya moto kwenye kitambaa. "Mpelekee Dishon. Na umwambie ukweli. Yule hakustahili."

Alimkuta chini ya nguzo ya Tsuma, dereva aliyekuwa akiwaendesha wote wawili enzi za kazi. Tsuma alikuwa ameingia ndani akafunga mlango, hakutaka kuona. Dishon alikuwa peke yake, anafunga mkanda.

"Mwanarusi anarudi," akasema Mwinyihaji. Akamweleza yote, pasipoti, Ijumaa, simu, bila kupumzika, kama mtu anayeteremsha mzigo. "Ile nguzo ilikuwa nzima, Dishon."

"Nilisikia."

"Ulijua, na ukachora?"

"Si ulisema mbovu? Mimi ni nani nibishe?" Dishon akapokea mahamri, akayaweka vizuri juu ya mfuko wake. "Nashukuru Mungu kwa mtoto. Kweli kabisa nashukuru. Lakini mzee, ungeniambia tu. Ungesema, Dishon, rudi Jumatatu. Ningejifanya naumwa na tumbo. Ningejifanya nimepotea njia. Mimi?"

Mwinyihaji akageuka kando. Alitazama nguzo ya Tsuma, kuukuu, imeegemea upande kidogo, na akatazama nyundo iliyolala nyasini. Akainama kuiokota. Mikono ilijua kazi yake.

Dishon akawahi kuichukua. Hakuipokonya. Aliiondoa taratibu mkononi mwake, kwa adabu, kama unavyomwondolea mgeni sahani aliyotaka kuosha.

"Wacha tu, mzee. Nitagonga mwenyewe."

Akazunguka nguzo akigonga, sikio amelitega, paji la uso limekunjamana. Sauti ilikuwa kavu, ya juu. Mwinyihaji aliisikia vizuri kutoka alipokuwa amesimama.

"Nzima hiyo, Dishon," akasema.

Dishon akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi pale alipoanzia, akagonga tena.