Kidole Kwenye Kona ya Picha

Fundi seremala alijiapiza kwamba programu ya kuskani picha ataichagua mwenyewe, mtu asimwingilie. Kitinda mimba wake, binti aliyebaki naye nyumbani tangu mama mtu afariki, alimwachia kiti mbele ya kompyuta, akakaa pembeni akijizuia kucheka.

"Hii ina kila kitu, baba," alisema, akimfungulia ya kwanza.

"Ndiyo ubaya wake. Mimi nataka kuskani picha, sitaki kurusha ndege."

Ya pili ilikuwa ya bure, lakini ilibandika jina la programu juu ya kila picha, likampita shemeji yake fundi katikati ya paji la uso. "Itoe hiyo, haina adabu." Ya tatu ilikuwa na vitufe vitatu tu: Skani, Safisha, Hifadhi. Fundi akajipiga paja. Hiyo ndiyo yenyewe.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Albamu ya familia ilikuwa imeingia unyevu, ukungu unazitafuna picha, na humo ndimo alimobaki mke wake. Si sura yake, la. Mwanamke yule alikuwa hakubali kupigwa picha hata umbembeleze vipi, na ile ya kitambulisho ilikwisha kufutika zamani. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye kamera, na aliishika vibaya maisha yake yote. Kidole gumba chake kilikuwa hakikosi mbele ya lenzi, kikatokea kwenye kona ya kila picha, kinene, chenye ukungu wa kukaribia mno.

"Mama katia sahihi!" watoto walikuwa wakipiga kelele kila picha zilipotoka kusafishwa.

"Sura yangu si mnayo hapa nyumbani?" alikuwa akiwajibu. "Ya nini tena kwenye karatasi?"

Sasa sura haikuwapo nyumbani, na fundi, bila kumwambia mtu, kila alipofungua albamu alianza kwa kutazama kona.

Picha ya kwanza ilipopita, programu iliuliza: Kasoro zimegunduliwa. Ziondolewe kila mara? Masikini fundi! Mtu aliyezeeka na randa mkononi, asiyekubali ubao utoke karakana na fundo au ukwaruzo, unamuuliza swali kama hilo? Hakutaka hata kujua ni kasoro gani. Alibonyeza Ndiyo, tena kwa mbwembwe.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Binti alibandua picha zilizogandamana na kurasa, nyingine zikichanika, naye fundi akazilaza kwenye kioo cha mashine ya kuskani. Kwenye skrini aliona ukungu ukitoweka kwenye nyuso za wanawe, akafurahi. Nyuso ndizo alizokuwa akizikagua. Kona alijiwekea akiba, ale utamu wake akishamaliza.

"Na hizi picha za karatasi je?" binti aliuliza.

"Zimeoza hizo. Zichome."

Binti alizichoma nyuma ya nyumba, pamoja na maranda ya karakana.

Ndipo fundi alipokaa kutazama kwa raha zake. Alifungua picha ya mwanawe wa kwanza kwenye baiskeli. Kwenye kona palikuwa na nyasi tu, nyasi nzuri zilizooteshwa na mashine. Akafungua nyingine, akakuta ukuta. Akafungua nyingine, na nyingine.

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza.

Binti alidhani baba yake kaanza kuchanganyikiwa. Kisha macho yake yakafika kwenye kona, akashika mdomo na kutoka mbio. Aliporudi vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa majivu.

"Nimechoma zote, baba. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekutuma. Na mimi ndiye niliyebonyeza."

Roho ilimuuma kuliko siku ya mazishi, kwani siku ile alikuwa na mahali pa kurudi kumtazama.

Binti alinawa mikono. Alikuwa amerithi mikono ya mama yake, kila shangazi alilisema hilo. Alifuta ile amri ya kila mara, akaweka kidole gumba chake kwenye kona ya kioo, akabonyeza Skani. Mwanga ukapita. Programu ikauliza: Kasoro imegunduliwa. Iondolewe?

Fundi akabonyeza Hapana.

Kidole kikatokea kwenye weupe mtupu, kifupi, kinene. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Cha kwako hiki, mwanangu," alisema taratibu. "Chake kilikuwa kinatupiga picha."

Akainamia mashine iliyokuwa bado na joto, akalia kwa sauti, na binti hakukiondoa kidole chake pale kwenye kioo.