Turubai la Bi Monica

Bi Monica alianza kutapika damu Jumamosi saa mbili asubuhi, akiwa amekaa kwenye kigoda uani kwao Madale, anachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliweka ungo pembeni ili mchele usichafuke, akainama, akatapika. Binti yake Anjelina alikuwa anaanika nguo. Alipogeuka aliuona kwanza ungo ulivyowekwa kwa adabu, ndipo akaiona damu.

Kwa miezi minne Bi Monica alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya magoti, vile vinavyouzwa duka la dawa bila mtu kuulizwa swali, na alivimeza kabla ya kula, kwa kuwa magoti yake hayakuwa na subira ya kungoja chai. Hayo Anjelina aliyajua baadaye. Asubuhi ile alijua tu kwamba midomo ya mama yake imekuwa myeupe, na kwamba mama yake anasema, "Kichefuchefu tu hiki. Usiite watu."

Kwa kutoita watu walikuwa wamefanana, mama na mwana. Anjelina alikuwa na miaka arobaini na mmoja, karani wa masjala katika ofisi moja mjini, na kazini walimsifu kwa sababu kila kilicholetwa mezani kwake alikimaliza peke yake. Misiba ya wenzake alikwenda, harusi zao alishiriki, ila yake mwenyewe hakupenda yamfikie mtu. Hata akimwandikia fundi bomba alianza na "samahani kwa usumbufu." Wa kumwita bila kuomba samahani alikuwa mmoja tu, Rukaiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani mzaliwa wa Masasi, mwenye mume anayeitwa Farhan na Farhan mwenye bajaji. Walimpakia Bi Monica katikati yao, wakaenda.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba kidonda cha tumbo kimekula hadi kwenye mshipa. Dawa wamejaribu, damu bado inatoka.

"Itabidi tumpasue leo, isizidi saa tisa," alisema. "Ila damu iliyopo kwa ajili yake ni uniti mbili, na mimi simfungui na mbili. Benki ya damu watatupa group lake, nyie mlete watu sita wa kurudisha. Group lolote."

Anjelina akapandisha mkono wa gauni papo hapo. Wakamtoboa kidole, wakampima, wakamkataa: yake mwenyewe ilikuwa pungufu. Farhan akatoa. Wakabaki watano, na saa ilikuwa inakaribia nne.

Mtu mwingine angepiga simu mpaka chaji iishe. Anjelina alikaa kwenye benchi akiwa na simu mapajani, akapitia majina toka herufi ya kwanza. Huyu ana mtoto mchanga. Huyu tulionana mara ya mwisho kwenye semina. Huyu atafikiri namkumbuka kwa shida tu. Baada ya nusu saa alikuwa ameandikia watu watatu wa ofisini. Wawili walijibu "pole sana, Mungu amponye," na alama za mikono iliyokutanishwa. Hakuwaandikia tena. Aliogopa, aliogopa hasa, na bado aliona aibu kurudia kuomba.

Jambo moja tu ndilo alilolipanga vizuri, na hilo ndilo lililoharibika. Mama yake mdogo, Apolonia, aliishi Kiwalani na alikuwa na presha. Mwaka juzi alipigiwa simu kwamba kaka yao amefariki huko Songea, akaanguka palepale na kuvunjika mkono. Kwa hiyo Anjelina alimwambia Rukaiya, "Mama mdogo asiambiwe kwa simu. Nenda nyumbani kwake. Nenda na mtu mzima, amwambie taratibu."

Rukaiya akamchukua Mwalimu Kamugisha, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa ya akina Anjelina, mzee mstaafu wa Bukoba mwenye gari kuukuu na maneno ya kupimwa. Sasa, kila mtu kwetu anajua habari ya kifo inavyopelekwa. Haipigwi simu. Anatumwa mtu mzima na mwenzake, wanabisha hodi, wanauliza kama mwenyeji ametia kitu tumboni, wanamkalisha, ndipo wanasema. Mwalimu Kamugisha alikuwa amefanya kazi hiyo Madale kwa miaka kumi na miwili, na aliifanya akiwa amevaa koti la kijivu. Siku hiyo alilivaa kwa sababu anakwenda kwa watu asiowajua, na mtu hawezi kwenda kwa watu na shati tupu.

Apolonia alimkuta mlangoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeshakunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Vizuri. Hebu kaa kwanza."

Apolonia hakukaa. Alilitazama koti, jua la saa tano likiwa kali namna ile. Akamtazama Rukaiya, ambaye alikuwa ameshika mikono tumboni na macho mekundu. Rukaiya akawahi kusema, "Mama mdogo, dada yako yupo, yuko hospitali, nimemwacha anaongea." Ilikuwa kweli tupu. Tatizo ni kwamba hata waongo wenye huruma huja na habari hiyohiyo, na Apolonia alikuwa ameshazika ndugu wanne aliowaacha wakiongea. Akaenda chini.

Nyumba za Kiwalani zimebanana, mtu akipiga chafya huku anaombewa afya nyumba ya tatu. Katika nusu saa uchochoro wote ulikuwa umejifunga kanga viunoni. Kikundi chao cha kuzikana kikatafuta kosta, wanawake wakapanda, vijana watano wakapanda na majembe, Apolonia akawekwa kiti cha mbele na Rukaiya akabanwa katikati akiendelea kusema mgonjwa yu mzima. Hawakwenda hospitali. Msiba huwa uko nyumbani, wakaenda Madale.

Saa saba na robo Fransis, mdogo wake Anjelina anayeishi Kigamboni, akapiga simu.

"Dada. Niko darajani, navuka. Niambie ukweli tu, mie mwanaume."

"Ukweli upi? Mama yuko wodini. Anapasuliwa saa tisa. Nahitaji watu wa kutoa damu."

"Damu ya nini tena, dada?"

"Fransis, mama yu hai."

"Sawa," akasema Fransis kwa upole, kama mtu anayezungumza na aliyechanganyikiwa. "Sawa, dada yangu. Kaa hapohapo. Nani yuko na wewe?"

"Nani kakwambia mama amekufa?"

"Si turubai limeshafungwa nyumbani?"

Anjelina akakata simu, akampigia Rukaiya. Nyuma ya sauti ya Rukaiya alisikia kilio, masufuria, na mwanaume anayeagiza viti.

"Nimewaambia mpaka koo limekauka," Rukaiya alisema. "Mwalimu naye kawaambia. Wanasema sie tumekatazwa kusema mpaka Fransis afike. Na wanaume wa mtaa wako hawaulizi, wakisikia wanawake wanalia wanatafuta kamba za turubai. Sasa hivi wanapika, Anjelina. Wamechukua sufuria lako kubwa."

"Kuna watu wangapi hapo?"

"Wengi. Viti vya jirani vimeisha."

Anjelina alisimama kwenye korido akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Mama yake anafia ndani kwa kukosa watu watano, na uani kwao watu wamejaa wanamlilia. Akaenda kwa muuguzi, akaomba dakika mbili. Akapiga simu ya video.

Lilikuwa wazo la mtu wa mafaili: wanataka ushahidi, wapewe. Hakufikiria ushahidi wenyewe unaonekanaje. Bi Monica alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, uso umepauka, shuka jeupe limemfika kidevuni. Kule Madale Rukaiya aliinyanyua simu juu ili wote waone. Waliona.

"Jamani," mwanamke mmoja alisema, "wameshamfunika."

Kilio kilichopasuka kwenye simu kilifanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wageuze shingo. Muuguzi akaja mbio. Anjelina alikuwa anahangaika kupunguza sauti, vidole vinamteleza, mama yake alipofumbua jicho moja.

"Huyo si Apolonia?"

"Ndiye, mama."

"Analia nini?"

"Anakulilia wewe."

Bi Monica alilifikiria jambo hilo. Ilimchukua muda, na kila mtu upande wa pili alimwona akilifikiria. "Mwambie apunguze," alisema. "Presha."

Kule Madale kilio kikakatika. Kisha sauti ya Apolonia, yenye kamasi, ikauliza, "Dada Monica?"

"Nimechoka," Bi Monica akamjibu, akafumba macho tena.

Anjelina akaigeuza simu ikamtazama yeye. Kwenye kioo kidogo alikuwa anaona turubai la buluu, viti, wanawake waliokaa kwenye mkeka na vichwa vilivyonyanyuliwa, vyote vikimngoja. Hakuwahi kuombwa kusema mbele ya watu wengi hivyo. Samahani kwa usumbufu ilimfika kwenye ncha ya ulimi, akaimeza.

"Mama anapasuliwa saa tisa na damu haijatosha," alisema. "Nahitaji watu watano. Naombeni mje. Sasa hivi, naombeni."

Kisha mtu akasema, "Dereva wa kosta yuko wapi?"

Walikuja ishirini na sita. Walishuka na kanga zao viunoni, wengine wana majivu ya kuni miguuni, wakapanga foleni kwenye chumba cha kutolea damu kama watu wanaosubiri kuaga mwili. Muuguzi wa zamu akatoka na daftari.

"Nyie ni kanisa au ni chama?"

"Ni msiba," alijibu Fransis, aliyekuwa amefika moja kwa moja toka darajani.

Wenye umri mkubwa walirudishwa, wenye presha walirudishwa, Apolonia wa kwanza, akaenda kukaa mlangoni pa wodi na kukataa kuondoka. Waliokubaliwa walikuwa kumi na mmoja. Saa tisa kasoro dakika kumi, Bi Monica alisukumwa kuingia chumba cha upasuaji.

Kwenye benchi, kijana mmoja wa Kiwalani alikuwa anakunywa soda aliyopewa baada ya kutoa. Anjelina akakaa karibu yake, akamuuliza jina. Anaitwa Alfonsi.

"Mama yangu unamfahamu?"

"Hapana, sista. Sijawahi hata kumwona." Alifuta mdomo. "Mie nilikuja kuchimba kaburi."

Anjelina akaitikia kwa kichwa. Alfonsi hakuona kama amesema jambo kubwa. Alimaliza soda yake, akauliza chupa inarudishwa wapi.

Saa kumi na moja daktari alitoka akiwa amevua kofia. Mshipa umefungwa, damu imesimama, mgonjwa atakaa siku kadhaa na vile vidonge vya magoti asiviguse tena maisha. Anjelina aliandika kila neno. Alishukuru vizuri, akauliza maswali ya maana, akampangia Fransis abaki na mama mdogo, akapanda bajaji ya Farhan kwenda kuchukua kanga za mama yake na mswaki.

Madale alikuta watu hawajaondoka. Habari ilikuwa imeshafika kabla yake, na wali ulikuwa umeshaiva, na wali wa watu themanini haurudishwi kwenye gunia. Walikuwa wanakula maharage na kabichi chini ya turubai, wanazungumza, wanacheka, watoto wanakimbizana kati ya viti. Mwalimu Kamugisha alinawa mikono, akamfuata.

"Kwa utaratibu, msemaji wa familia atoe neno, watu watawanyike."

"Neno la nini, Mwalimu? Hakuna msiba."

"La shukrani tu."

Akasimama mbele yao. Watu wakaacha kutafuna. Alianza vizuri, kama barua ya ofisi: kwa niaba ya familia anapenda kuwataarifu kwamba upasuaji umekwisha salama. Wakapiga makofi. Akasema kwamba waliotoa damu ni kumi na mmoja, na waliohitajika ni watano, na ziada itamsaidia mgonjwa mwingine. Akasema, "Bila nyie, mama yangu saa hizi ange..." Neno halikuja. Akarudi nyuma kulichukua tena, "Mama yangu ange...," na safari hii kikaja kitu kingine, toka chini sana, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua kuwa ni yake.

Wanawake walinyanyuka bila haraka. Hii kazi waliijua. Rukaiya alimshika kiuno, mwingine akamtoa viatu, mwingine akaleta maji, wakamshusha mkekani. Mama mmoja wa Kiwalani, ambaye Anjelina hakumjua jina, alimlaza kichwa mapajani mwake na kumfungua kitambaa cha kichwa alichofunga toka asubuhi.

"Lia, mwanangu," alisema. "Sie tulishalia mchana. Zamu yako."

Akalia, mama yake yu hai, na hakuna aliyemwambia anyamaze.