Kura ya Sketi na Blauzi

"Nani hapa amevaa sketi na blauzi?" kaka yangu Kobina alifoka, na uwanja mzima wa shule ukaangua kicheko, maana wanawake tulikuwa themanini na ushee na karibu sote tulivaa hivyo hivyo.

Yeye hakucheka. Kwetu Mankessim, kura ya sketi na blauzi ni kumchagua rais wa chama hiki na mbunge wa chama kile, kama nguo ya juu kitambaa kingine na ya chini kingine. Msimamizi wa kituo alikuwa amemaliza kuinua karatasi za kura, zenye alama zetu za kidole gumba, moja moja mbele ya macho yetu. Urais, chama cha Taa kura mia mbili kumi na nne. Ubunge, Taa mia moja tisini na tisa. Watu kumi na tano walikuwa wamevuja njiani, na Kobina, wakala wa Taa, alikuwa amemwapia mgombea wake kwamba ukoo wetu hauvuji hata tone.

Mimi sikuwa mtu wa chama. Nilikuwa fundi cherehani. Sare za Taa nilishona, za wapinzani wao wa chama cha Daraja nilishona, kwa pedali ile ile. Watu wa namna yangu hudhaniwa ni bendera, hufuata upepo. Si kweli. Sisi hupima kabla ya kukata.

Rais nilimpima redioni, wiki baada ya wiki, sindano mkononi. Yule wa Taa akiulizwa habari za mpinzani wake alisema, "Ni mtu mzuri, ila mpango wake wa kakao una matundu," kisha akayataja matundu yenyewe, moja moja. Asiyemtukana mwenzake huenda asinitukane na mimi. Kura yangu ya urais ikawa yake.

Ubunge ndio ulionisumbua, kwa ajili ya mtaro. Mtaro wa soko uliziba tangu mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa, na kila mvua kubwa maji meusi yaliingia vibandani. Mwaka ule yaliharibu gauni la bibi harusi, jeupe, lenye vifungo ishirini na viwili nilivyovifunika kwa mkono. Bwana Dadzie, mgombea ubunge wa Taa, alipopita na vipaza sauti vyake, nilimzuia.

"Mheshimiwa, ukishindwa, mtaro huu utaufanyaje?"

"Nishindwe? Mama, leo umekunywa nini?"

Wapambe wakacheka. Kobina alicheka kuliko wote, huku akinikanyaga mguu.

Siku ya soko iliyofuata akaja Sekyiwa wa Daraja, mwalimu wa hesabu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nikamuuliza vile vile. Aliutazama mtaro kwanza.

"Nikishindwa nitarudi darasani," alisema. "Mtaro utakuwa bado umeziba. Itabidi mimi na wewe tukamsumbue aliyeshinda."

Sikuhitaji kupima mara ya pili.

Lakini kaka ni kaka. Baba alipofariki, Kobina ndiye aliyeniweka kwenye ufundi. Pale uwanjani ningeweza kunyamaza. Kura ni siri. Ila alikwisha kuanza kuwakagua wake za binamu zetu kwa macho, na Araba, mdogo wao, akajificha nyuma ya wenzake. Nikasimama.

"Kaka, mmoja ni mimi. Kushona sketi na blauzi si ndiyo kazi uliyonipa?"

"Cherehani nilikununulia mimi!"

"Ndiyo, kaka. Kidole gumba nilizaliwa nacho."

Kicheko kilichozuka hapo kilimuumiza kuliko kura zote. Hakunisalimu kwa wiki saba. Suruali zake alizipeleka kwa fundi wa mji wa pili, akawa anatembea mguu mmoja wa suruali mfupi kuliko mwingine, nami nikipishana naye njiani vidole viliniwasha.

Sekyiwa alishindwa. Jumatatu moja ya Januari, baada ya vipindi, alikuja kibandani na chaki bado kwenye vidole.

"Mama Ekuwa, tayari?"

Ofisini kwa mheshimiwa Dadzie tulimkuta Kobina amekaa mlangoni, daftari la wageni mapajani. Alimtazama mwalimu, akanitazama mimi.

"Mna miadi?"

"Hatuna, kaka."

Akasogea mwisho wa benchi, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaeni. Anasema hayupo," alinong'ona, "lakini yupo."