Faneli ya Mninga

Saa nane mchana, Jumamosi ya kwanza ya Ramadhani mwaka 1953, kaimati ya kwanza ilizama ndani ya karai la mafuta na haikuibuka. Sadallah, seremala wa Keko, aliiopoa, akaipima kwa rula. Zilizofuata zililingana nayo, lakini kila aliyoipasua ilikuwa imejaa unga mzito hadi katikati.

"Umenitengenezea gololi, mume wangu," alisema Mwamvita.

Tangu aolewe, Mwamvita alidondosha kaimati kwa vidole, zote za ukubwa mmoja. Alipougua mwezi wa Rajabu, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, na matone yakawa hayalingani. Jioni ya Jumamosi hiyo wakwe wa binti yao wangekuja kufuturu. Hamisa, dada yake Sadallah, alikwisha sema atakuja na karai lake apike yeye. Mwamvita hakubisha. Alinyamaza siku mbili, na Sadallah hakuwa amezoea nyumba iliyonyamaza. Akachonga faneli ya mninga, akaitoboa kwa keke, akaliziba tundu kwa kijiti, akaisimamisha kwa miguu mitatu juu ya karai. Ukiinua kijiti kwa mkono wa kushoto, linadondoka tone moja.

"Unga uliukorogaje?" aliuliza Mwamvita.

"Kama gundi. Nikaligongagonga beseni mpaka mapovu yote yakatoka. Gundi yenye mapovu haishiki."

Mwamvita alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Bwana wee! Huo upepo ulioutoa ndio unaokaa ndani ya kaimati. Sasa nimlishe mkwe gundi?"

"Mie nilidhani…"

"Wewe chonga mbao."

Alikoroga unga mwingine, akaufunika, akamkataza kuugusa. Baada ya saa mbili aliumimina kwenye faneli, akainua kijiti. Tone lilizama, likaibuka, likajigeuza lenyewe. Sadallah aliipasua kaimati hiyo: ganda jembamba, ndani wazi. Akapima ishirini. Rula haikuonyesha tofauti.

Saa kumi na moja Hamisa aliingia, karai kichwani. "Shikamoo, kaka. Wifi, nipishe jikoni."

"Marahaba. Kaa kwanza," alisema Sadallah.

Baada ya adhana Hamisa alikula tende, kisha kaimati mbili zenye shira. "Hizi kadondosha nani?"

"Mie," alisema Mwamvita.

Wakwe waliimaliza sahani, wakaomba nyingine. Walipoondoka, Hamisa alilichukua karai lake, likiwa kavu, akajitwika, akarudi kwake.